Mafuta ya Mwili na Majira ya Kipupwe

Vitabu vya historia tunavyovitumia mashuleni vinasimulia mengi juu ya chakula cha wazee wetu, nyumba zao, vita vyao na biashara zao. Juu ya ngozi zao havisemi kitu, ila pale vinapotaja rangi yake. Na ngozi, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kuamka alfajiri ya mwezi wa Julai huko Makete au Mbulu, ni kitu kidaicho matunzo kila siku. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watu wa Afrika ya Mashariki walivyoitunza miili yao wakati wa baridi, mafuta waliyoyatumia yalitoka wapi na yalitengenezwaje, na kwa sababu gani ujuzi huo ulikuja kudharauliwa, kwanza na wageni, halafu na sisi wenyewe. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo, la chumbani na la kioo. Tunamwomba avumilie kidogo.

Mgeni asiyeijua nchi yetu hudhani kuwa hapa ni joto mwaka mzima. Ukweli ni kwamba pepo za kusi zinapoanza kuvuma, kati ya Aprili na Septemba, hali ya hewa hubadilika toka Pwani hadi bara. Watu wa Pwani huiita Juni, Julai na Agosti miezi ya kipupwe, na hata mjini Dar es Salaam usiku wa miezi hiyo joto huweza kushuka hadi nyuzi 19 au chini ya hapo. Huko bara mambo ni mazito zaidi. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za kipupwe majani yake huwa meupe kwa sakitu. Ukingo wa bonde la Ngorongoro uko kiasi cha mita 2,300. Njombe, Mufindi, Lushoto, na kwa majirani zetu wa Kenya, Limuru na Nyandarua, zote ni nchi ambazo mtu hawezi kulala bila blanketi. Tena katika sehemu nyingi za bara miezi hiyo ndiyo miezi ya kiangazi, mvua hakuna, na upepo huvuma mchana kutwa. Baridi, ukavu na upepo huja pamoja, na ngozi hushambuliwa na vyote vitatu kwa mara moja.

Hapana budi tueleze kidogo kwa njia ya sayansi, kwa kuwa walimu wetu wa baiolojia na wa fizikia mara chache hukutana juu ya jambo hili. Hewa yenye joto la nyuzi 30 ikishiba mvuke huweza kubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 au 10. Basi hewa ya baridi inapougusa mwili, ambao ngozi yake huwa na joto la nyuzi 32 au 33, hewa hiyo hupata joto, na ikiisha kupata joto huwa na kiu. Maji huyatoa mahali palipo karibu, yaani katika ngozi yetu. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa chembe zilizokwisha kufa, zilizopangwa kama matofali, na kati ya matofali hayo mna mafuta ambayo ndiyo udongo wa kuzibia. Udongo huo ukipungua, ukuta huvuja. Ngozi pia ina tezi zake za kutoa mafuta, lakini tezi hizo hazikugawanywa sawasawa. Usoni na kichwani ni nyingi, kwenye muundi wa mguu ni chache, na katika viganja na nyayo hazimo kabisa. Hii ndiyo sababu mtu hupauka miundi kabla ya uso, na hii ndiyo sababu magaga hupasua visigino wala hayapasui mashavu.

Lugha yenyewe inashuhudia kwamba wazee waliyaangalia mambo haya kwa makini. Tunalo neno la kupauka, litumikalo kwa nguo iliyofifia na kwa ngozi iliyokauka hata ikawa na unga mweupe. Tunayo magaga kwa nyufa za nyayo. Na mtu aliyekwisha oga na kujipaka husemwa kuwa ananawiri, wala hatuambiwi kuwa amebadilika rangi. Neno hilo la mwisho tulikumbuke, kwa maana tutarudi kwake.

Katika mafuta yote ya bara tunaloliona la kwanza kwa umuhimu ni lile la mnyonyo, mti uitwao pia mbarika. Mmea huu asili yake ni pande hizi za Afrika, kaskazini-mashariki ya bara letu, na huota wenyewe kandokando ya nyumba na kwenye majalala bila kupandwa na mtu. Matengenezo ya mafuta yake yalikuwa kazi ya wanawake na yalitaka subira. Vichala vilivunwa vikaanikwa juani mpaka maganda yakapasuka. Mbegu zikakaangwa kwa moto mdogo, zikatwangwa katika kinu hata zikawa uji mzito, kisha zikachemshwa katika maji mengi. Mafuta yalipoelea juu yalienguliwa kwa kata, yakawekwa katika chungu kingine, yakachemshwa tena peke yake mpaka maji yaliyosalia yakaisha na mlio wa kuchacharika ukakoma. Mlio ukikoma, mafuta yameiva. Ikumbukwe kuwa mbegu ya mnyonyo ina sumu kali iitwayo risini, na mtoto akitafuna mbegu chache tu anaweza kufa. Lakini sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta. Hubaki katika mashapo, na moto wa kuchemsha huiharibu. Waliobuni utaratibu ule wa kukaanga na kuchemsha mara mbili hawakuwa na maabara, ila walikuwa wameyapima matokeo kwa vizazi vingi.

Mafuta ya mnyonyo yana sifa moja inayoyatenga na mengine. Karibu sehemu tisa katika kila kumi ni asidi ya aina moja, na asidi hiyo ndiyo inayoyafanya yawe mazito na yanate kama asali. Hata hivyo hayagandi upesi. Chupa ya mafuta ya nazi huganda Dar es Salaam mwezi wa Julai, ambapo chupa ya mafuta ya mnyonyo, ukiiacha nje usiku kucha huko Njombe, asubuhi utayamimina kama kawaida. Kwa watu wa milimani hakuna mafuta ya kufaa zaidi ya haya. Wakikuyu, wakaao katika nchi ya baridi kati ya Limuru na Mlima Kenya, waliyatumia kwa mwili na vilevile kwa kulainishia ngozi walizovaa. Jambo hili la pili ni la maana sana na mara nyingi husahauliwa. Vazi la ngozi lililolainishwa kwa mafuta humpaka mafuta mvaaji wake mchana kutwa. Mavazi na mafuta vilikuwa kitu kimoja, na ukiondoa kimoja cha pili nacho hulegea. Tutaona hivi punde jinsi kilivyolegea.

Katika nchi za ng'ombe mafuta yalikuwa siagi. Huko Rwanda, Burundi, Karagwe na Ankole, ambako vilima vingi vimepita mita 1,500, siagi ya kujipaka ilitunzwa mbali na ile ya kula, ikatiwa harufu nzuri kwa majani na kwa moshi wa miti maalumu. Wapo wasomaji watakaokunja pua kwa kusikia siagi ya kupaka. Tunawaomba wakumbuke kuwa siagi iliyotiwa manukato na kutunzwa vizuri si sawa na siagi iliyochacha. Watu wa kaskazini ya Uganda, Waacholi na Walango miongoni mwao, hawakuhitaji ng'ombe kwa kazi hii, kwani wanao mti ambao kokwa lake hutoa mafuta mazito ya rangi ya maziwa, nao hupaka watoto wachanga kwa hayo hadi leo. Kigoma na ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, mchikichi ulitoa mafuta ya aina mbili, mawese kwa chungu cha mboga na mise kwa mwili na nywele.

Wamasai nao walichanganya mafuta ya mnyama na udongo mwekundu. Udongo huo wao huuita olkaria, na jina hilo limebaki katika kilima kimoja karibu na Naivasha, mahali ambapo tangu mwaka 1981 Kenya inafua umeme kwa mvuke utokao ardhini. Ni wachache miongoni mwa wanaowasha taa kwa umeme huo wanaojua kuwa jina la kituo ni jina la kipodozi. Mafuta huzuia maji yasitoke mwilini, na udongo, ambao wekundu wake ni kutu ya chuma, huzuia sehemu ya miale ya jua. Majaribio ya kisayansi ya miaka ya karibuni juu ya udongo wa namna hii yamethibitisha jambo hilo la pili. Nalo halikosi faida wakati wa baridi, maana katika nyanda za juu anga ni jembamba na jua la kipupwe huunguza ngozi hali mtu anatetemeka. Ila tusiseme kuwa kijana wa Kimasai alijipaka ili ajikinge na miale. Alijipaka ili apendeze na ajulikane rika lake, na kinga ilikuja pamoja na urembo. Hivi ndivyo ilivyo kwa desturi nyingi, na mwandishi anayetaka kila pambo la zamani liwe dawa humvunjia heshima aliyelivaa.

Tukishuka Pwani tunakuta utaratibu mwingine. Nazi hukunwa, ikakamuliwa tui, tui likachemshwa mpaka mafuta yakajitenga. Na wenye kupenda manukato hutia humo asumini, mkadi au langilangi. Mafuta haya huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba na Mrima dalili ya kipupwe haikuwa kalenda, bali chupa iliyopauka kuwa nyeupe dirishani. Ilitolewa ikawekwa juani, au ilishikwa kwapani na mtoto aliyetumwa. Uto wa ufuta hauna taabu hiyo, hubaki majimaji. Pamoja na mafuta hayo Pwani ina vitu vya kupaka usoni: liwa, inayosagwa juu ya jiwe la msio na kuchanganywa na marashi, dalia ya manjano, na wanja wa macho. Visiwani Ngazija na Maore mchanganyiko wa namna ya liwa huitwa msindzano, na mwanamke hutembea nao usoni mchana bila haya. Liwa ina tabia iliyo kinyume cha mafuta. Hupoza, na inapokauka hunyonya mafuta ya uso. Basi ni kitu cha kufaa kaskazi, wakati wa jasho, na katika kipupwe huhitaji mafuta yaitangulie au yaifuate. Mwanafunzi wa leo anayepaka poda juu ya uso mkavu mwezi wa Julai, akashangaa mbona imekatikakatika kama tope lililokauka, anajifunza kwa gharama jambo ambalo bibi yake alilijua.

Sasa tuje kwenye dharau. Katika karne ya 19 wasafiri wa Ulaya walipita nchi hizi wakiwa na daftari na pua. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884, na wenzake waliomtangulia na waliomfuata, waliandika kwa urefu juu ya miili iliyong'aa kwa mafuta na udongo, na mara nyingi waliandika kana kwamba wanasimulia uchafu. Wamisionari wakafuata, na mashuleni mwao sabuni na shuka nyeupe zikawa alama za mtu aliyeokoka. Tusiwalaumu kwa sabuni. Sabuni imeokoa maisha mengi kuliko risasi zilizokuja kwa meli zilezile. Lakini sabuni kali, hasa ile ya kufulia ambayo maskini aliitumia kwa nguo na kwa mwili, huondoa taka pamoja na mafuta ya asili, na aliyeileta hakuja na kitu cha kurudisha mafuta hayo.

Wala dharau peke yake haielezi mabadiliko yote. Nguo ya pamba, ile amerikani iliyoenea bara katika karne hiyohiyo, hunyonya mafuta na kuchafuka. Vazi la ngozi lilikuwa rafiki wa mafuta, na shuka nyeupe ikawa adui wake. Mama aliyekuwa na shuka moja tu, aliyoinunua kwa jasho la msimu mzima, alikuwa na sababu yake nzuri ya kuacha kujipaka mafuta ya mnyonyo, hata kama hakupata kumwona mmisionari maishani mwake. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaopenda kueleza kila badiliko kwa neno moja la ukoloni. Ukoloni ulikuwapo, na pamba ilikuwapo.

Kuna kinaya kimoja hapa ambacho tungependa wanafunzi wakijue. Ulaya nayo ni nchi ya baridi, na watu wake hawakuacha kujipaka mafuta hata siku moja. Tabibu Galen, katika karne ya 2, anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa marhamu ya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Mwaka 1872 Robert Chesebrough alipata hataza Marekani kwa mafuta aliyoyasafisha kutoka katika mashapo ya petroli, akayaita Vaseline; ndiyo haya tunayoyaita mafuta ya mgando. Miaka kumi baadaye, 1882, Wajerumani wawili walipata hataza ya lanolini, ambayo si kitu kingine ila mafuta yanayokamuliwa katika sufu ya kondoo. Mwaka 1911 kiwanda kimoja cha Hamburg kikaanza kuuza krimu nyeupe ya Nivea, iliyotengenezwa kwa kutumia kitu kilichotokana na mafuta hayohayo ya sufu. Kwa ufupi, katika miaka ileile ambayo Mmasai alichekwa kwa kujipaka mafuta ya kondoo, mafuta ya kondoo yalikuwa yakitiwa manukato na kufungwa katika vikopo ili yauzwe madukani. Tofauti iliyokuwapo ni harufu, rangi, na bei.

Mafuta ya mgando yalipofika kwetu yalipendwa, na si kwa ujinga. Hayachachi, hayana harufu kali, hayavutii panya, na kwa kazi ya kuzuia maji yasitoke mwilini hayajapata mshindani hadi leo. Yalichukua nafasi ya chungu cha mnyonyo kwa haki. Kilichoharibika ni jambo jingine. Mafuta ya zamani yalitoka shambani na zizini, hivyo tajiri na maskini waliyapata, ijapokuwa si kwa wingi sawa. Mafuta mapya yalitoka dukani. Tangu hapo ngozi iliyopauka ikawa ushahidi wa mfuko mtupu.

Sisi tuliosoma shule za bweni katika nyanda za juu tunakumbuka maana yake. Asubuhi tulioga maji ya bomba yenye baridi ya kuuma mifupa, kwa sabuni ya kufulia, kisha tukasimama katika paredi kukaguliwa kucha, kola na miguu. Mwenye kikopo cha mafuta alikuwa na marafiki wengi wa saa kumi na mbili na nusu. Asiye na rafiki alijipaka mafuta ya kupikia aliyoyaomba jikoni, au alilowesha miundi kwa mate, ikang'aa kwa dakika kumi na baadaye ikapauka zaidi ya mwanzo. Mwalimu mmoja wa zamu alikuwa na desturi ya kuwatoa mbele wenye miguu myeupe na kuwauliza mbele ya shule nzima kama kwao hakuna mama. Mmoja wao kwao hakuwa na mama. Hatukumsikia akijibu, wala hatukumsikia akizungumza kwa siku kadhaa baadaye. Tumelisimulia hilo ili walimu wanaosoma kitabu hiki waelewe kuwa paredi ya kipupwe si ukaguzi wa usafi peke yake. Mtoto aweza kuwa ameoga vizuri kabisa na akawa amepauka kwa sababu hiyohiyo ya kuoga.

Baada ya Uhuru taifa lilijiwekea kazi ya kuurudishia heshima utamaduni wake, na mwaka 1962 iliundwa wizara kwa ajili hiyo. Lakini juu ya ngozi taifa lilikuwa na nia mbili. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1967 na katika mwaka 1968 iliendeshwa kampeni katika Mkoa wa Arusha ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya maendeleo na afya, na aibu ya kutazamwa na watalii kama wanyama wa mbugani haikukosekana nyuma yake. Kisha Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, nayo ikapiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, na pia krimu za kujichubua. Mambo haya mawili yalijadiliwa sana magazetini, katika Tanzania na Kenya. Ukiyaweka pamoja utaona ajabu yake. Katika mwaka mmoja raia mmoja aliambiwa aache kupaka kile alichorithi, kwa kuwa ni cha kizamani, na raia mwingine aliambiwa aache kupaka kile alichonunua, kwa kuwa ni cha kigeni. Katika la krimu tunaamini kuwa vijana wale walikuwa na haki, ijapokuwa njia zao za kuwakimbiza wasichana mitaani hatuwezi kuzisifu. Katika la udongo mwekundu tunaona taifa lilikosea. Liliazima macho ya Thomson likajitazama nayo.

Kosa hilo lilikuwa na gharama isiyohesabiwa katika shilingi. Mtu wa Ngorongoro aliyeambiwa anawe mafuta yake hakupewa mengine, na suruali ya kaki haizuii upepo wa Julai kama blanketi na mafuta. Wengi walijipaka tena waliporudi nyumbani. Leo mavazi yaleyale yaliyokatazwa yanaonekana katika picha za kuitangaza nchi ng'ambo, na hakuna aliyetoka kueleza badiliko hilo lilitokea lini.

Halafu ilikuja miaka ya shida, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, ambapo sabuni, mafuta ya kula, sukari na nguo viliadimika katika Tanzania nzima. Duka la kijiji likikosa mafuta ya mgando kwa miezi, ujuzi uliokuwa umelala ulilazimika kuamka. Vinu vya wazee vilitwanga mnyonyo tena, na Pwani nazi zilikunwa kwa ajili ya mwili kama zilivyokunwa kwa ajili ya wali. Waliokuwa na bibi walipona. Waliokuwa wamehamia mijini na kuzaa watoto wasiojua mnyonyo ni mti gani walisubiri foleni.

Bidhaa zilirudi madukani, na pamoja nazo zikaja nyingi zisizofaa. Juu ya mkorogo, yaani michanganyiko ya kujichubua, mengi yameandikwa na hatutarefusha. Itoshe kusema kuwa dawa hizo, hasa zenye zebaki na zile za steroidi, hudhoofisha ukuta ule wa matofali tulioueleza, hata mtumiaji akawa hawezi kuvumilia baridi, jua wala moshi wa jikoni. Sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003 iliipa serikali uwezo wa kuzizuia, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizikaza nchi wanachama juu ya vipodozi vya zebaki. Zingali zikiuzwa kwa siri. Hapa ndipo tunaporudi kwa lile neno tuliloomba likumbukwe. Kunawiri kulikuwa ni kung'aa kwa rangi uliyozaliwa nayo, na kwa kipimo hicho mweusi tititi aliyepakwa mafuta asubuhi ya baridi alikuwa ndiye mrembo wa kijiji.

Mwalimu atatuuliza ni lipi la zamani lifaalo sasa. Jibu letu si la kusifia yote. Mafuta yaliyochacha huwasha ngozi, na si kila mafuta ya mmea yanamfaa mtoto mchanga. Lakini utafiti uliofanywa hospitalini Dhaka, Bangladesh, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti mara kwa mara walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa, na alizeti inalimwa Singida na Dodoma. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi, huyazuia tu yaliyomo. Kwa hiyo apakaye mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, hupata faida kuliko apakaye ngozi iliyokwisha kukauka kwa upepo. Maji ya vuguvugu ni bora kuliko ya moto sana, na sabuni itosheke kwapani, miguuni na mahali penye taka. Tena wenye ualbino wasidanganywe na mawingu ya kipupwe, kwa sababu miale hupita. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilichoanzishwa mwaka 1992, yametengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua, yaitwayo Kilisun, na yapaswa kupakwa Julai kama Januari.

Tumepata kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu, katika shule moja ya nyanda za juu, watuonyeshe mnyonyo. Walituonyesha mingi, nyuma ya jalala, imekatwa. Ilikuwa siku ya usafi, na ilikuwa imefyekwa asubuhi hiyo pamoja na magugu mengine.